Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Shule Zetu: Mtoto Asirudishwe Langoni

Mombasa, Januari 2021

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu. Kwa Wahashamu Maaskofu wetu wa Pwani na makatibu wao wa elimu. Kwa wakurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Na kwa walimu wakuu na maparoko wenye shule za msingi zilizo chini ya ufadhili wa Kanisa Katoliki.

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa watakaoisoma barua hii wasiokuwa wa Kanisa letu, nao hawatakosekana kwa kuwa shule zetu hazijawahi kuwa za Wakatoliki peke yao, nawasalimu kwa amani.

Ninaandika nikiwa mzazi wa watoto wawili na mjumbe wa Bodi ya Usimamizi katika shule ya msingi ya umma, upande wa bara wa Mombasa, ambayo mfadhili wake ni Kanisa Katoliki. Jina la shule nimeliacha makusudi, kwa sababu nitakayoyasema yanazikuta shule nyingi za aina yake, nami sitaki mwalimu mkuu mmoja aitwe ofisini kujieleza kwa jambo ambalo wenzake wanalifanya vilevile. Ombi langu ni moja, na maelezo yote yatakayofuata yanalitumikia hilo: kuanzia sasa hadi mwaka huu wa masomo utakapokwisha mwezi wa Julai, asirudishwe nyumbani mtoto yeyote kwa sababu ya deni, mchango, sare au barakoa, na gharama ya kumweka darasani iwe na mwenyewe anayejulikana kwa maandishi, badala ya kuelea kati ya Wizara na Kanisa hadi imwangukie mzazi asiye na kitu.

Mara ya mwisho madarasa yetu kujaa ilikuwa Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020, siku ile ile mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini. Jumapili Rais akaagiza shule zifungwe, na Jumatatu watoto wakabaki nyumbani. Tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, mtu asiingie wala asitoke, na kwa Mombasa amri hiyo ikadumu hadi mapema mwezi wa Julai. Anayeijua Pwani hahitaji kuelezwa maana yake. Hoteli zilifunga milango, na pamoja nazo zikafungwa riziki za mpishi, mfua mashuka, dereva wa tuktuk, muuza vinyago na mvuvi aliyezoea kuuza samaki wake jikoni mwa hoteli. Mwezi wa Julai tukaambiwa kwamba mwaka mzima wa masomo umepotea na kwamba shule zitafunguliwa Januari 2021. Kisha mwanzoni mwa Oktoba, kwa taarifa isiyofika wiki moja, Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne wakaitwa warudi tarehe 12. Waliobaki wamerudi tarehe 4 mwezi huu. Sina nia ya kuwahukumu waliofanya maamuzi hayo wakati ambapo hata madaktari walikuwa wakibadilisha maneno kila baada ya wiki kadhaa. Ninachokitazama ni hali aliyorudi nayo mtoto, na namna tunavyompokea.

Tumempokeaje? Katika shule kadhaa za mtaa wetu, asubuhi ya kufunguliwa kulikuwa na meza langoni. Juu ya meza palikuwa na kipimajoto, chupa ya kitakasa mikono na daftari mbili. Daftari la kwanza liliandikwa joto la kila mtoto. Daftari la pili lilikuwa na majina ya wenye madeni ya muhula wa kwanza wa 2020: pesa za chakula, pesa za mlinzi, pesa za mwalimu aliyeajiriwa na bodi, pesa za mitihani ya majaribio, na sasa mstari mpya ulioongezwa kwa kalamu nyekundu, sabuni na barakoa. Mtoto aliyeonekana hana homa aliweza bado kuzuiwa na daftari la pili. Wengine waliambiwa wakawalete wazazi. Wengine waliruhusiwa kuingia siku hiyo kwa sharti la kuja na chochote Jumatatu. Mtu akiuliza, anaambiwa hakuna aliyefukuzwa. Ni kweli, neno kufukuza halikutumika.

Nawaomba mlitafakari jambo hili kwa makini, kwa kuwa ndilo kiini cha barua yangu. Zamani, mtoto akirudishwa nyumbani kuchukua pesa, alikaa siku mbili tatu, mzazi akakopa kwa jirani au kwa chama, naye akarejea. Desturi hiyo haikuwa nzuri, wala haikuwa halali, lakini ilikuwa na mwisho wake unaojulikana: shule ilikuwa ndiyo mahali pa mtoto, na nyumbani alipita tu. Miezi tisa na zaidi imeugeuza mpangilio huo. Mvulana wa Darasa la Sita ambaye mwezi wa Machi hakujua kutengeneza shilingi kumi sasa anajua bei ya kilo ya vyuma chakavu, anajua saa ambayo mashua hufika na ni mvuvi gani humpa anayemsaidia kubeba samaki, anajua kusukuma mkokoteni wa maji mlima wa Mishomoroni bila kupumzika. Nyumbani anaheshimiwa kwa hayo, kwa sababu kuna siku ambazo unga ulinunuliwa kwa pesa zake. Mtoto huyu alipovaa sare iliyombana na kuja hadi langoni tarehe 4 Januari, alikuwa amefanya uamuzi mgumu kuliko tunavyodhani. Tukimrudisha wiki moja tu kwa ajili ya shilingi mia tatu, mkokoteni unamsubiri, na yeye anaujua vizuri kuliko anavyolijua tena darasa lake.

Kwa wasichana, jambo ni zito zaidi, nami nitalisema bila kuzunguka. Wapo waliorudi wakiwa na mimba, na wapo ambao hawakurudi kwa sababu hiyo. Wizara ilitoa mwaka jana mwongozo wa kitaifa wa kuwarudisha shuleni wanafunzi waliokatiza masomo, na mwongozo huo unawataja wasichana wajawazito na waliojifungua kwa uwazi. Nasikia hata hivyo, katika shule zenye jina la mtakatifu ukutani, sauti ya upole inayomshauri mama amtafutie binti yake shule nyingine, kwa heshima ya shule na ya binti mwenyewe. Wahashamu Maaskofu, Kanisa letu limefundisha miaka yote kwamba uhai wa mtoto aliye tumboni ni mtakatifu. Shule ya Kanisa inayomfungia mlango mama yake mwenye umri wa miaka kumi na minne inalipinga fundisho hilo kwa vitendo, hata kama kila Ijumaa katika PPI, kipindi cha mafundisho ya dini, inalisoma kwa sauti. Waraka mmoja mfupi kutoka ofisi zenu, usomwe na kila mwalimu mkuu, ungetosha kulimaliza.

Sheria nayo iko wazi kwa kiasi ambacho mtu anashangaa kwa nini bado tunajadiliana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kutoza ada ya mafunzo. Inaruhusu michango mingine iwapo Waziri ameiidhinisha kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na papo hapo inasema kwamba mtoto asinyimwe kuhudhuria kwa sababu ya kutolipa michango hiyo. Mheshimiwa Waziri, umelirudia jambo hilo mwezi huu mbele ya kamera. Tunakushukuru. Lakini mwalimu mkuu anayekusikia kwenye runinga jioni ndiye anayeamka asubuhi na kumkuta mlinzi hajalipwa, tangi limekauka, na mwalimu wa bodi amesema hatakuja tena. Amri isiyofuatana na fedha humfanya mwalimu mkuu kuwa mwongo. Atatafuta jina jingine la kuitia ile pesa, na mzazi atailipa kwa jina hilo jipya.

Maji yawe mfano, kwa kuwa ndiyo ninayoyajua kwa karibu zaidi. Bodi yetu imeyajadili kuliko kitu kingine chochote. Masharti ya afya yanataka watoto wanawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, na hakuna mwenye akili atakayeyapinga. Chukua shule ya watoto 800. Kila mmoja akinawa mara nne tu kwa siku, anapofika, kabla ya kula, baada ya kutoka msalani na kabla ya kwenda nyumbani, na kila mara akitumia nusu lita, tunahitaji lita 1,600 kila siku. Mombasa ni mji ambao bomba linaweza kutoa hewa wiki nzima, kwa hiyo maji haya mara nyingi hununuliwa kwa madumu ya lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni. Hayo ni madumu 80. Dumu likiwa shilingi 20, na hiyo ni bei ya siku njema, ni shilingi 1,600 kwa siku. Muhula huu wa wiki 11 utakuwa umekunywa shilingi 88,000 kwa kunawa mikono peke yake, kabla ya maji ya kupikia, ya kunywa na ya vyoo, na kabla ya sabuni. Ruzuku ya serikali kwa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka; kwa watoto 800 ni shilingi 1,136,000, na humo ndani mna vitabu, chaki, ukarabati, umeme na mengineyo. Mihula mitatu ya kunawa mikono ingemeza karibu robo ya ruzuku yote. Ndiyo maana sabuni imeandikwa kwa kalamu nyekundu katika daftari la langoni. Mwalimu mkuu hakuibuni kwa tamaa.

Kuhusu umbali kati ya mtoto na mtoto sitasema mengi. Dawati la kukalia watatu haliwezi kuwa la mmoja kwa sababu tumeandika hivyo kwenye mwongozo, na Wizara yenyewe imekubali kwamba jambo hili ni gumu, hata ikashauri wengine wasomee chini ya miti. Penye miti, sawa. Shule nyingi za mjini zina mwembe mmoja na ua wa saruji. Mpango wa madawati wa shilingi bilioni 1.9 uliopitia kwa mafundi wa mitaani ni wa kupongezwa, na kwa kuwa Baba Mtakatifu Fransisko alitangaza tarehe 8 Desemba kwamba mwaka huu ni Mwaka wa Mtakatifu Yosefu, naona seremala yule wa Nazareti angefurahia kuona kazi inakwenda kwa maseremala. Ila dawati jipya bila chumba cha kuliweka halisogezi mtu mbali na jirani yake.

Barakoa zina shida yake ambayo sijaisikia ikitajwa na wakubwa. Mtoto aliyeingia Gredi ya Kwanza Januari 2020 bado yuko Gredi ya Kwanza. Alisoma wiki chache, akajua irabu na labda silabi za mwanzo, kisha akakaa nyumbani miezi tisa. Nilikaa nyuma ya darasa moja wiki ya pili baada ya kufunguliwa. Mwalimu alikuwa akifundisha tofauti ya ba na pa. Mwalimu wa darasa la chini hufundisha sauti kwa midomo yake: huifunga, huiachia, mtoto akatazama na kuiga. Sasa midomo ya mwalimu imefunikwa kwa kitambaa, na ya watoto pia, na kutoka dawati la nne nilisikia darasa zima likiitikia kitu kimoja kwa herufi zote mbili. Mwalimu akarudi nyuma hadi ukutani, karibu na dirisha, akashusha barakoa kwa nukta moja, akatamka, akaipandisha. Hakuna mwongozo uliomruhusu wala uliomkataza. Vipindi vya redio vya KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, vilisaidia baadhi ya watoto wakubwa katika nyumba zenye redio, lakini kusoma herufi ya kwanza hakufundishwi kwa redio. Nawaomba wataalamu wa mitaala wawafikirie walimu hawa, wawape muda wa kuanza upya tangu mwanzo, na mkaguzi anapopita asiwaulize wamefika sura ya ngapi.

Sasa nije kwa mfadhili, na hapa naomba niseme kama mtoto wa nyumbani. Sheria ile ile ya 2013, kifungu cha 27, inaeleza kazi za mfadhili. Anashauri kuhusu mtaala, anawakilishwa katika bodi, anasimamia makuzi ya kiroho na kuweka padre mlezi kwa gharama yake, analinda imani za wasio wa dhehebu lake, na mwishoni imeandikwa kwamba atoe msaada wa fedha na wa majengo. Katika mikutano mingi niliyohudhuria, mambo yale ya mwanzo huzungumzwa kwa ari kubwa: nani atakuwa mwenyekiti, nani aongoze sala, kwa nini mwalimu mkuu aliyepelekwa si Mkatoliki. Likifika lile la mwisho, sauti hushuka, tukakumbushana kwamba shule ni ya serikali. Nayo serikali, ukiiendea kuomba choo, hukuuliza mfadhili wenu ni nani. Mtoto yuko katikati ya milango miwili, kila mlango unamwelekeza kwenye mwingine.

Najua Kanisa lenyewe limeumia. Makanisa yalifungwa tangu Machi. Yaliporuhusiwa tena mwezi wa Julai, waumini hawakupaswa kuzidi mia moja, ibada saa moja, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wakabaki nje. Sadaka zilipungua, na kuna maparoko walioishi kwa ndizi za waumini. Watoto waliokuwa wakijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza walikaa bila katekista na bila misa. Lakini hilo linanipa sababu ya kuomba zaidi. Watoto walizuiwa kanisani kwa miezi, na wengi wao jengo la kwanza la Kanisa walilolirudia ni darasa. Kama hapo ndipo tunapokutana nao kwanza, lile daftari la madeni lisiwe ndilo neno letu la kwanza kwao.

Kuna kitu ambacho Kanisa linacho na Wizara haina, nacho hakihitaji bajeti. Serikali imewaagiza machifu na manaibu wao wawatafute watoto ambao hawajarudi. Chifu ana eneo kubwa na watu wachache, na mama aliyemficha binti yake hafurahii kuona kofia ya chifu mlangoni. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinakutana nyumba kwa nyumba, zinajua nani amehama, nani amefiwa, nani ameacha kazi ya hoteli na kurudi Ukambani au Taita na watoto wote. Mwalimu wa darasa akiwa na rejista ya Machi 2020 na ile ya Januari 2021, majina yasiyoonekana katika ya pili yanaweza kupelekwa kwa viongozi wa jumuiya Jumapili moja, na Jumapili ya pili majibu yakawa yamepatikana: huyu amehamia kijijini na anasoma huko, huyu ameolewa, huyu anafanya kazi Kongowea sokoni. Kwa watoto Waislamu, ambao katika shule yetu ni wengi na ni wetu sawasawa na wengine, walimu wa madrasa na maimamu wa mtaa watatusaidia tukiwaendea kwa adabu. Baadhi yao walisoma katika shule hizi hizi. Kazi hii ifanywe kwa siri na upole, orodha isibandikwe popote, na atakayepatikana aambiwe jambo moja tu, kwamba akija hataulizwa pesa.

Kwa hiyo Wahashamu Maaskofu, naomba mambo mawili mahsusi. Kwaresima itaanza Jumatano ya Majivu, tarehe 17 Februari. Kila mwaka tunakusanya michango katika Kampeni ya Kwaresima, na waumini hutoa hata walipokuwa hawana. Mwaka huu sehemu ya mkusanyo huo itengwe kwa ajili ya maji na sabuni katika shule za msingi tunazozifadhili, na itangazwe altareni ni kiasi gani kimekwenda shule gani. Pili, kila parokia yenye shule iweke tangi moja la kuvunia maji ya mvua juu ya paa la ukumbi au la kanisa na kulielekeza shuleni. Mvua za masika hazijafika bado. Mapaa ya makanisa yetu ni makubwa, na maji yake yote humwagika barabarani.

Mheshimiwa Waziri, kwako naomba mambo yanayohusu fedha na kalenda. Ruzuku ya muhula iongezwe kipengele cha maji na usafi kwa muda wa dharura hii, itumwe muhula unapoanza, kwa sababu madumu hayauzwi kwa ahadi. Walimu walioajiriwa na bodi walikaa bila mshahara tangu Machi kwa kuwa waliokuwa wakiwalipa ni wazazi. Katika mpango wa kufufua uchumi uliotangazwa mwezi wa Mei, shilingi bilioni 6.5 zilitengewa elimu, na humo mlikuwa na nafasi za walimu 10,000. Walimu wa bodi ambao tayari wanawajua watoto wetu wafikiriwe kwanza katika nafasi za namna hiyo, hata kwa mkataba, na mtoto aache kuwa ndiye chombo cha kukusanyia mshahara wao.

Halafu iko Gredi ya Nne. Wao waliitwa mapema, mwezi wa Oktoba, na kwa kalenda iliyotolewa watamaliza muhula wa tatu tarehe 19 Machi pamoja na Darasa la Nane. Darasa la Nane watafanya KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, kuanzia tarehe 22 Machi na kuondoka. Gredi ya Nne watakwenda nyumbani kusubiri hadi mwaka mpya wa masomo uanze tarehe 26 Julai. Ni miezi minne tena, kwa watoto wa miaka tisa na kumi waliokwisha kaa nyumbani karibu miezi saba kabla ya hapo. Ninaelewa kwamba madarasa yao yanahitajika. Kumbi za parokia, hata hivyo, ziko wazi siku za kazi, na madarasa ya Darasa la Nane yatakuwa matupu mwishoni mwa Machi. Wizara na majimbo ya Kanisa yakubaliane, mapema kabla ya Machi, kwamba watoto hawa wawe na siku tatu kwa wiki za kusoma na kula, bila malipo. Tukisubiri hadi tarehe 19 ifike, jambo hili litafanywa na walimu binafsi kwa malipo, na wale tunaowahofia ndio watakaokosa.

Zipo pia shule za parokia na za masista ambazo ni za binafsi, zinazoishi kwa karo tupu. Kwao sina neno rahisi. Siwezi kumwambia Sista aliyekopa ili awalipe walimu wake nusu mshahara kwamba asidai karo. Naomba tu karo ya miezi ambayo hakuna mtoto aliyesoma isidaiwe, deni la zamani ligawanywe kwa muda mrefu, mtoto asome wakati mzazi anaendelea kulipa, na cheti cha mtoto anayehamia shule ya umma kisizuiwe. Hilo la cheti linatuhusu moja kwa moja: watoto kutoka akademia zilizofungwa kabisa wanabisha hodi kwetu bila karatasi yoyote mkononi, na mwalimu mkuu anasita kuwaandikisha. Waandikishwe, karatasi zitafuata.

Mwisho, walimu wakuu. Ninyi mnaonana na sisi kila siku na najua mtakaoisoma barua hii kwa uchungu ni ninyi. Ondoeni lile daftari la pili mezani. Lipelekeni ofisini, mwite mzazi mwenyewe kwa barua au kwa simu, mzungumze naye mkiwa mmeketi, na mtoto awe darasani wakati huo wote. Bodi yetu imelipitisha hilo katika kikao cha wiki iliyopita kwa kauli moja, isipokuwa mjumbe mmoja aliyeuliza mlinzi atalipwa na nini. Swali lake ni la haki, na ndilo ninaloliwasilisha kwenu nyote mlio juu yetu.

Tutashukuru kupata majibu kabla ya Jumatano ya Majivu, ili yaweze kusomwa kwa wazazi katika mkutano wa shule na kwa waumini katika matangazo ya Jumapili inayofuata. Majibu yanaweza kutumwa kwa mwenyekiti wa bodi kupitia mwalimu mkuu.

Wenu katika Kristo,

Mzazi na mjumbe wa Bodi ya Usimamizi,
shule ya msingi ya umma yenye ufadhili wa Kanisa Katoliki, Mombasa